Fensi ya miti imeharibika: soma dalili kabla ya kushika mkasi

Fensi ya miti huanza kuumia chini, lakini mwenye nyumba hutazama juu. Ndiyo maana wengi wakiona uzio umekonda au umebadilika rangi hukimbilia kukata kilele, au huenda duka la pembejeo kununua dawa ya kupuliza, na msimu ukiisha hali ni ileile. Nimetunza fensi za michongoma, duranta na misaipresi Arusha na Moshi, na za hibiskasi na bogenvilia Dar es Salaam. Shida nyingi nilizokutana nazo chanzo chake kilikuwa mwanga usiofika kwenye majani ya chini, mkasi butu, au kukatwa wakati mti hauna nguvu ya kurudisha majani. Dawa ilihitajika mara chache sana.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, jua kwanza fensi yako ni ya mti gani, kwa sababu tiba inayouokoa mti mmoja huua mwingine. Michongoma (Kenya wengi huiita kayaba), duranta, hibiskasi, bogenvilia na mhina huchipua hata ukiikata hadi kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani, mradi mizizi ni mizima. Msaipresi, ule ambao wengi huukata kuwa mti wa Krismasi, hauchipui kwenye tawi lisilo na majani ya kijani. Ukilikata tawi lake hadi sehemu ya kahawia, umelimaliza. Kama hujui mti wako uko kundi gani, chagua tawi moja nene mahali pasipoonekana, likate, kisha subiri wiki sita za mvua. Likichipua chini ya mkato, una ruhusa ya kukata kwa nguvu. Na kama unadhani tawi limekufa, likwaruze kwa ukucha: chini ya gome kukiwa na kijani chenye unyevu, bado lina uhai.

Chini pamebaki mashina matupu, juu pamejaa

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila ninapokwenda. Ukiwa umesimama barabarani unaona kijani kizuri usawa wa macho. Ukiinama unaona mashina yamesimama kama miguu ya korongo, na kuku wa jirani wanapita katikati yake bila kuinamisha kichwa.

Nenda mwisho wa fensi, funga jicho moja, uitazame kwa urefu wake. Kama juu ni pana kuliko chini, umeshapata jibu. Hutokea bila mtu kukusudia, kwa sababu mkono wa mkataji una nguvu usawa wa kifua, huchoka ukiinama, na haufiki vizuri juu. Kila mkato unaacha sentimita moja au mbili zaidi upande wa juu, na baada ya miaka michache fensi inakuwa na mwavuli. Majani ya chini yakikosa jua hayawezi kujilisha, na mti huyaangusha. Hata ubavu ulionyooka wima kabisa huishia hapo, ila polepole. Chini panatakiwa pawe pana kuliko juu. Fensi ya kimo cha mita moja na nusu ikiwa na upana wa sentimita 80 chini na 60 juu, jua litagusa ubavu wote.

Sababu ya pili ni ya zamani zaidi: fensi haikukatwa ilipokuwa changa. Watu hupanda miche, huiacha ipande hadi kimo wanachotaka, ndipo wakakata. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka chini na kuvizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ncha ikikatwa, kizuizi kinaondoka na vichipukizi vya chini vinatoka. Kwa hiyo mche wa fensi ukatwe mapema, ukifika sentimita 30 hivi, na kila unapoongezeka sentimita 20 upunguzwe nusu ya ulichoongeza msimu huo. Inauma kukata mche uliounyweshea maji kwa ndoo, najua, lakini fensi iliyokatwa hivyo hujaa tangu ardhini na haikupi shida hii tena.

Ya tatu husahauliwa kabisa, nayo ni mwelekeo wa fensi. Nchi zetu ziko kwenye ikweta au karibu nayo, na jua la mchana hubadilisha upande. Kwa Arusha, Moshi na Nairobi, tangu nusu ya pili ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hukaa kaskazini, na miezi iliyobaki huhamia kusini. Fensi iliyolala mashariki kwenda magharibi basi ina ubavu mmoja unaokaa kivulini nusu mwaka. Ukiona ubavu wa kusini umekonda mwezi Agosti, wakati kulikuwa na baridi na mawingu tangu Juni, usiukate wala usiupulizie kitu. Uache. Mvua za vuli zikija na jua likihamia upande huo, utajaa wenyewe. Fensi iliyolala kaskazini kwenda kusini haina shida hii, kwa sababu ubavu mmoja hupata jua la asubuhi na mwingine la jioni.

Kisha kuna yale yanayofanyika chini ya fensi yenyewe. Chunguza kama kuna mtu anachoma taka pale. Chunguza kama palizi inafanywa kwa jembe hadi kwenye shina, maana mizizi midogo inayonyonya maji iko juujuu na jembe huikata yote. Uliza kama kuna aliyepuliza dawa ya kuua magugu kandokando, kwa sababu upepo kidogo unatosha kuipeleka kwenye majani ya chini. Na mbuzi usiwasahau: ukiona ubavu wa nje umeliwa hadi kimo kilekile kwa urefu wote, hao ndio.

Kuitibu fensi inayochipua, subiri masika au vuli zianze kwa kweli, udongo uwe umelowa hadi kina cha kiganja. Punguza kimo kwa theluthi moja. Kisha kata ubavu mmoja tu hadi karibu na mashina makuu na uache ubavu wa pili ukiwa na majani yake yaulishe mti. Msimu wa mvua unaofuata, kata ule mwingine. Mimina ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita mbili, uitandaze mbali kidogo na shina. Kama hali ni mbaya sana, mashina matupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kata yote yabaki sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi. Michongoma na duranta hurudi zikiwa nzuri ajabu. Ila kwa miezi kadhaa kiwanja kitakuwa wazi, kwa hiyo panga mapema nguzo na seng'enge au mabua ya kuzibia, usije ukakata Jumamosi na kuanza kutafuta ulinzi usiku.

Msaipresi uliokwisha kuwa mtupu chini hauna tiba ya mkasi. Panda kitu kifupi kinachovumilia kivuli mbele yake, au anza fensi mpya.

Siku mbili baada ya kukata, fensi yote imekuwa kahawia

Chukua ncha chache zilizokatwa uziangalie kwa karibu. Kama mkato umechanika, una nyuzinyuzi na gome limevuliwa pembeni, mkasi wako ni butu au umelegea, na mara nyingi umelegea kabla ya kuwa butu. Jaribu kukata kipande cha gazeti kwa urefu wote wa kisu. Karatasi ikijikunja na kuingia katikati ya visu viwili badala ya kukatika, kaza nati ya katikati kidogo kidogo hadi visu vigusane bila kukwama. Jaribu tena. Bado haukati, ndipo unoe. Noa upande wenye mteremko tu, kwa tupa laini, ukifuata mteremko uleule wa kiwandani, kuelekea ukingo. Upande wa ndani ulio bapa usiunoe. Upitishie jiwe likiwa limelala kabisa, mara moja au mbili, kuondoa vinyweleo vya chuma vilivyojikunja. Watu wengi hunoa pande zote mbili kama kisu cha jikoni, na hapo visu havigusani tena, mkasi unatafuna. Utomvu ulioganda ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka mafuta ya mashine.

Kama mkato ni safi lakini majani yamekauka upande unaopigwa na jua tu, shida ni saa uliyokata. Majani ya ndani yalikulia kivulini na ni laini. Ukiyafunua saa sita mchana mwezi Februari yanaungua. Kata jioni, au siku ya mawingu, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja isipokuwa unafufua fensi kama nilivyoeleza juu. Pwani kuna jambo la ziada: upande unaotazama bahari hupata upepo wa chumvi, na kingo za majani huwa kahawia hata bila kukatwa. Hapo osha fensi kwa maji yasiyo na chumvi siku za upepo mkali, na upande huo ukatwe kidogo sana.

Na kama fensi ni ya majani mapana, hibiskasi au akalifa, mkasi mkubwa wa mikono miwili hukata majani katikati, na kila nusu jani hukauka ukingoni. Mti hauna shida yoyote. Ila ukitaka ipendeze, tumia mkasi wa mkono mmoja ukate tawi baada ya tawi, juu kidogo ya jicho, yaani kichipukizi kilicholala, linalotazama nje. Ni kazi ya siku nzima kwa fensi ndefu, na kwa hibiskasi iliyo mbele ya nyumba naona inastahili.

Juu kuna mawimbi hata baada ya kukata mara tatu

Acha kukata. Kila ukirekebisha bonde moja unazaa jingine, na fensi inazidi kuwa fupi. Macho ya mtu aliye karibu na fensi hayawezi kuona mstari. Yanafuata ulichokikata dakika moja iliyopita.

Piga vigingi viwili, kimoja kila mwisho, na kama fensi inazidi mita kumi weka kingine katikati. Funga kamba ya nailoni, ile ya mafundi wa matofali, uivute hadi ilie ukiigonga. Pimamaji fupi haikusaidii kwa umbali huo. Njia iliyo bora ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila mapovu: maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja popote utakapozipeleka, na fundi ujenzi yeyote wa mtaani anao. Kamba iwekwe kwenye kimo cha bonde la chini kabisa la fensi, maana huwezi kurudisha kilichokwisha kukatwa. Kama bonde hilo ni refu mno, kubali liwe na shimo mwezi mmoja au miwili na lijazie lenyewe. Usishushe fensi nzima kwa ajili ya mita moja.

Anza na mbavu, toka chini kwenda juu, ndipo umalizie kilele. Ukianza juu, matawi yaliyokatwa huanguka na kunasa kwenye mbavu na kukudanganya. Kila mita mbili, rudi nyuma hatua kumi utazame. Kwenye mteremko una chaguo mbili: kamba ifuate mteremko, au kilele kikatwe kwa ngazi. Kwa nyumba ya kawaida mteremko mmoja unaoendelea huonekana vizuri zaidi, na ni rahisi kuutunza. Ngazi zinadai mkono uliozoea, na zikikosewa kila mpita njia anaona.

Msaipresi umekauka vipande vipande

Hapa kuna matatizo mawili yanayofanana kwa mbali, na tofauti yake ni kubwa.

Kama vipande vya kahawia viko pale tu ulipokata, vina mpaka wa wazi, na ndani unaona vijiti vitupu, ulivuka mpaka wa kijani. Pengo hilo halitajaa kwa kuchipua. Kinachowezekana ni kuvuta tawi hai la jirani na kulifunga kwa kamba laini lipite mbele ya pengo, na baada ya mwaka mmoja au miwili litaficha. Kuanzia hapo, kila ukikata acha angalau sentimita chache za majani mabichi kwenye kila tawi. Hii pia ina maana kwamba huwezi kuiacha fensi ya msaipresi ipande ovyo miaka mitatu kisha uirudishe mahali pake. Inakatwa mara mbili au tatu kwa mwaka, kidogo kidogo, au inakuponyoka.

Kama ukavu unaanzia ndani na chini, hauna uhusiano na mahali ulipokata, na unapanda, fungua matawi utazame vijiti kwa makini. Ukigusa unanata? Kuna sisimizi wanaopanda na kushuka? Kuna masizi meusi juu ya majani? Basi tafuta wadudu wadogo wa rangi ya kahawia na kijivu waliojipanga kwenye kijiti kana kwamba ni sehemu ya gome. Hao ni vidukari wa msaipresi. Si wenyeji wa huku: walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa wameingia Kenya, na waliangamiza fensi na mashamba ya miti kote nyanda za juu. Mate yao ni sumu kwa mti, ndiyo maana tawi hukauka hata wadudu wakiwa wachache. Sisimizi wanafuata utamu wanaoutoa, na masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo, kwa hiyo kupigana na sisimizi au kufuta masizi hakusaidii.

Ukiwawahi, maji ya mpira yenye nguvu yakielekezwa ndani ya fensi huangusha wengi, na maji ya sabuni ya kipande yakipuliziwa jioni huua waliobaki. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja. Kata na uchome matawi yaliyokwisha kufa. Kabla ya kununua sumu kali, fahamu kwamba kuna nyigu mdogo sana, Pauesia, aliyeletwa na kuachiliwa Malawi na Kenya miaka ya 1990 kwa ajili ya vidukari hawa. Hutaga yai ndani ya kidukari, na mdudu huvimba na kubaki ganda. Sumu inayoua kila kitu humwua na yeye, na vidukari hurudi kabla yake. Na wakati wa ukame mwagilia, kwa sababu msaipresi wenye kiu huangushwa na wadudu ambao mti wenye maji ungewavumilia.

Nyuzi za njano zimefunika fensi

Hili likikupata liache kila kitu kingine ulishughulikie leo. Ukiona kwenye michongoma, duranta au bogenvilia mtandao wa nyuzi za njano au za rangi ya chungwa, laini, bila majani, na ukizifuata huoni mahali zinapoingia ardhini, hiyo ni Cuscuta. Inaishi kwa kunyonya. Mbegu huota ardhini, uzi hutafuta mti, ukiupata hutoboa gome kwa vinyonyaji vidogo, kisha hukata uhusiano na udongo. Tangu hapo maji na chakula vyote vinatoka kwenye fensi yako.

Kosa linaloieneza ni la kawaida kabisa: mtu anapita na mkasi kama siku zote. Kila kipande cha uzi kilichoanguka juu ya tawi bichi kinaweza kuanza upya, na vipande vilivyonasa kwenye mkasi hupelekwa mita ishirini mbele, au kwa mteja mwingine. Kuivuta kwa mikono nako hakutoshi, kwani vinyonyaji hubaki ndani ya gome na kuchipua.

Kata tawi la fensi lenyewe, chini ya mahali uzi wa mwisho uliposhika, na uliingize moja kwa moja kwenye gunia bila kuliburuta. Ondoa zaidi ya unavyodhani inahitajika. Ikiwa fensi inachipua, ni afadhali kushusha kipande chote hadi kisiki. Choma vyote kwenye shimo mbali na fensi, usitupe kwenye mboji wala barabarani. Safisha mkasi na nguo kabla ya kuondoka pale. Fanya haya kabla haijatoa maua yake madogo meupe, kwa sababu mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai. Rudi kukagua kila wiki mbili kwa msimu mzima. Zungumza na jirani pia, maana ukisafisha upande wako na wake ukabaki, umepoteza siku. Na mtu akikuomba kipande kwa sababu rangi imempendeza, mweleze ni nini.

Kuna pengo moja tu, na kila mche unaopanda hapo hufa

Mti mmoja ukifa kati ya wenzake walio wazima, sababu iko hapohapo. Mara nyingi ni mahali maji ya kufulia yenye sabuni na klorini humwagwa kila siku, au mahali mbwa amezoea kukojoa, au chini kuna kifusi cha saruji kilichofukiwa wakati wa ujenzi. Vunja shina lililokufa: likiwa tupu ndani na limejaa udongo, mchwa wamepita. Lakini mchwa kwa kawaida humalizia mti uliokwisha kudhoofika, kwa hiyo endelea kutafuta kilichoudhoofisha.

Mche mpya hufa kwa sababu majirani zake wameshateka maji na jua lote. Chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, kata mizizi yote iliyoingia, ondoa kifusi, jaza udongo mpya uliochanganywa na samadi. Punguza mbavu za miti miwili ya jirani ili mwanga ushuke. Panda mvua zinapoanza, kisha mwagilia mche huo peke yake kwa kiangazi chote cha kwanza.

Kwa duranta na bogenvilia kuna njia ninayoipenda kuliko kupanda. Chagua tawi refu la chini la mti ulio kando ya pengo, likunje hadi liguse ardhi, likwaruze gome upande wa chini, libane kwa waya uliokunjwa na ulifukie sentimita kumi, ncha ikiwa nje. Udongo usikauke. Tawi hilo linaendelea kulishwa na mama yake huku likiota mizizi, kwa hiyo halishindwi na majirani. Likishikilia vizuri, baada ya msimu mmoja wa mvua, likate kutoka kwa mama.

Rangi imebadilika lakini mti una afya

Duranta ya dhahabu ikigeuka kijani upande mmoja, tazama juu: kuna mti au paa linaloleta kivuli. Rangi ile inahitaji jua kamili. Kama ni matawi machache tu ya kijani kibichi yanayochomoza katikati ya dhahabu, hayo yamerudi kwenye asili na yanakua haraka kuliko wenzake. Yafuate hadi yanapoanzia uyang'oe, kwa sababu ukiyakata juujuu yatateka fensi.

Majani yakiwa ya njano huku mishipa imebaki ya kijani, hasa iksora na hibiskasi zilizo kando ya ukuta wa saruji au kwenye udongo wa matumbawe wa Pwani, mti unakosa madini ya chuma. Madini yapo, lakini chokaa iliyo kwenye udongo inayafunga. Ondoa kifusi, weka mboji kwa wingi kila mwaka, na kwa haraka pulizia mbolea ya majani yenye chuma. Kukata hakusaidii hapa.

Bogenvilia isiyotoa maua kwa kawaida imekatwa mara nyingi mno. Hutoa maua kwenye ncha za matawi mapya, na ukiipitia kila mwezi unaondoa maua kabla hayajaonekana. Ikate mara moja baada ya kumaliza kuchanua, kisha iache angalau wiki nane. Punguza maji, na usiiwekee samadi ya kuku, itajaza majani tu.

Kabla hujapanda ngazi

Fensi inayozidi mita mbili kwa nyumba ya kawaida ni ya kushushwa, siyo ya kukatwa kwa ngazi kila mwezi. Waswahili wana msemo kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na aliyewahi kuteleza juu ya fensi ya michongoma anaujua kwa ngozi yake. Miiba yake huzidi sentimita tano, hutoboa soli ya ndala na tairi la pikipiki. Vaa viatu vigumu na glavu za ngozi. Mwiba ukiingia ndani na ukavunjikia humo, nenda zahanati na uulizie chanjo ya pepopunda. Matawi yaliyokatwa yasiachwe barabarani hata usiku mmoja.

Minyaa ina hatari ya aina nyingine. Maziwa yake yakiingia jichoni huunguza vibaya na mtu anaweza asione kwa siku kadhaa. Kata ukiwa na miwani ya kujikinga, upepo ukitoka mgongoni mwako, na usijifute uso kwa mkono. Yakiingia, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali bila kusubiri uone kama litapoa. Matunda ya njano ya duranta ni sumu, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo ikate mikungu yake kabla haijaiva na kuokota iliyoanguka.

Mwisho, pita ukiipiga fensi taratibu kwa fimbo ndefu kabla ya mkasi kugusa jani. Manyigu watatoka, na nyoka kama yupo ataondoka. Ukikuta kiota chenye mayai au makinda, acha mita moja kila upande, uirudie baada ya wiki tatu au nne. Na matawi yaliyofika kwenye nyaya za umeme usiyaguse hata kwa mkasi wenye mpini wa mbao. Piga simu shirika la umeme waje wayaondoe wenyewe.